Mbele ya kununua mashine, tuhesabu pamoja

Kila mkazi wa Kindu anajua picha hii. Asubuhi, upande wa Kasuku, mtumbwi mkubwa unangoja kuvuka kwenda Alunguli. Ndani kuko wamama na mafungu ya sombe, kuko mbuzi mbili, kuko pikipiki imelazwa ubavu. Siku nyingine kuko pia kitu kingine: pipa zito la chuma, mota ya mazutu imefungwa na kamba, mkanda mrefu wa mpira na kiloba cha vyuma. Ni mashine ya kusaga mawe, konkaseri, inaenda kwenye machimbo ya dhahabu. Watu wanaiangalia vile wanaangalia bibi-arusi. Hakuna anayeuliza nani amelipa, amekopa kwa nani, na itakula lita ngapi kwa siku. Tena hakuna anayeuliza wale wamama waliokuwa wanatwanga yale mawe kwa mkono watakula wapi.

Sisi wa ukurasa huu tumeamua kuuliza. Si kwa sababu tunachukia mashine. Aliyewahi kutwanga jiwe la kwarzi kutoka asubuhi mpaka jua kuzama hawezi kumfundisha mtu mwingine kuchukia mashine. Lakini tumeona mikutano mingi ya machimboni inakwisha kwa dakika kumi: PDG wa shimo anasema "tununue", vijana wanapiga makofi, na hesabu inakuja nyuma, kwa machozi. Kuko njia ya kufanya hesabu mbele. Viwanda vya mbali vinaitumia, vya India zaidi, na haiombi kompyuta wala diplome. Inaomba karatasi, kalamu na maharagwe ishirini. Tutafika pale. Kwanza tukumbuke ya kwetu.

Wazee wa Kalima bado wanasema "wakati ya Symétain". Kampuni hiyo ilianza miaka ya 1930, na mbele yake kulikuwa maswali yale yale tuko nayo leo. Itapata nguvu ya mashine wapi? Mazutu ya kuleta kutoka mbali, kwa mto na kwa treni, ni ghali na yanachelewa. Kwa hiyo walijenga stesheni ya umeme wa maji pale Lutshurukuru. Ilikuwa gharama kubwa kwa siku ya kwanza, lakini mto hauombi kulipwa kila wiki. Huo ni uamuzi wa teknolojia na uamuzi wa usafiri kwa pamoja, ju ndani ya Maniema vitu hivi viwili havijawahi kutengana.

Mwaka wa 1976 makampuni ya bati na dhahabu ya Kivu na Maniema yakaunganishwa kuwa Sominki. Sasa angalieni. Kampuni ilikuwa na umeme, wahandisi, barabara zake, hospitali zake. Lakini hesabu yake yote ilisimama juu ya mguu mmoja: bei ya bati ulimwenguni. Bei hiyo ilikuwa inashikiliwa na Baraza la Kimataifa la Bati, lililonunua na kuweka akiba ili isianguke. Mwezi wa 10 wa 1985 baraza likaishiwa makuta, soko la London likafunga biashara ya bati, na bei ikaporomoka. Sominki haikusimama vizuri tena. Watu walioachishwa kazi Kalima na Punia hawakuwa wamekosea kitu kwenye shimo. Kosa lilikuwa ndani ya hesabu iliyofanywa mbali nao.

Mtasema hiyo ni ya zamani. Basi mwezi wa 3 wa 2022 bati ilipita dola 40,000 kwa tani, hata ikagusa 50,000. Mwezi wa 11 wa mwaka ule ule ilikuwa chini ya 20,000. Aliyekopa mota na pampu mwezi wa 3, akisema "nitalipa kwa miezi sita", alilipa kwa kasiterite yenye bei chini ya nusu. Mota haikuharibika, na mchimbaji hakulala. Deni tu halikushuka pamoja na bei.

Hii ndiyo shida yenyewe. Mashine inanunuliwa siku moja, lakini inaishi miaka, na ndani ya miaka hiyo kuko mambo matano au sita yanavutana: uzalishaji, mazutu, vipande vya kubadilisha, deni, afya, kazi za watu. Akili ya mtu mmoja haiwezi kuyabeba yote kwa mara moja. Anashika lile linalong'aa, mara nyingi uzalishaji, na mengine anayaacha yaanguke.

Mtu mmoja aliona shida hiyo vizuri. Anaitwa Thomas Saaty, mwanahesabu aliyezaliwa Mosul, Irak, mwaka wa 1926, akafanya kazi Marekani. Miaka ya 1960 alikuwa kwenye ofisi ya serikali iliyoshughulikia kupunguza silaha, na pale aliona wanasayansi na wanasheria, watu wakubwa wa akili, wanashindwa kusikilizana. Kila mmoja alizungumza juu ya kitu chake, na hakukuwa mizani moja ya kuviweka vyote. Miaka ya 1970 akatengeneza njia: usiulize watu "mnataka nini kati ya yote?" Uliza mambo mawili mawili. Kati ya afya na deni, lipi zito kwenu? Mara mbili? Mara tatu? Kisha lingine na lingine, mpaka kila jambo lipate uzito wake. Ndipo unachukua kila chaguo na kulipa pointi kwa kila jambo.

Kuko na kipimo cha uongo pia, na tunakipenda sana. Kama unasema afya ni mara mbili ya deni, na deni ni mara mbili ya uzalishaji, basi afya lazima iwe karibu mara nne ya uzalishaji. Ukija kusema "hapana, uzalishaji ndio wa kwanza", hesabu inakukamata: ndugu, umejipinga mwenyewe, rudi useme tena. Ni mikutano mingapi yetu ingepona kwa kipimo hicho!

Msifikiri hii ilitengenezwa kwa wazungu peke yao. Miaka ile ile ya 1970 Saaty na watu wake waliitumia kupanga usafiri wa Sudani: barabara gani, reli gani, bandari gani ije kwanza ndani ya nchi kubwa yenye makuta kidogo. Inafanana na kwetu, si hivyo? Leo ni India inayoitumia sana, njia hii na ndugu zake, ndani ya vyuo na viwanda: kuchagua mwuzaji wa malighafi, kuchagua tanuru, kuamua mzigo upite relini au barabarani, kuamua kiwanda kinaweza kuacha makaa bila kufa.

Mfano mmoja wa India unafaa kuangaliwa karibu, ju unahusu watu wadogo, si matajiri wa Mumbai. Kuko mji unaitwa Firozabad, karibu na Agra, pale kuko Taj Mahal. Mji mzima unaishi kwa vioo, na zaidi kwa bangili za kioo ambazo wamama wa India wanavaa. Matanuru yalikuwa ya makaa ya mawe. Moshi ulikuwa unadhuru watu, na ulisemwa kuwa unaharibu marmari ya Taj Mahal. Tarehe 30 Desemba 1996 Mahakama Kuu ya India ikasema: viwanda vya eneo lile viache makaa, vichukue gesi au vihame. Leta imesema, imemaliza. Lakini mwenye tanuru dogo angefanya nini? Taasisi moja ya Delhi, TERI, ilitengeneza tanuru la gesi linalokula moto kidogo. Halikuenezwa kwa makaratasi. Liliwekwa tanuru la mfano ndani ya kiwanda kinachofanya kazi, wenye viwanda wengine wakaja kuangalia kwa macho yao, wakahesabu gesi iliyoliwa na kioo kilichotoka, wakaenda kujenga yao. Kwa mwenye kiwanda kidogo, jirani anayefanya kazi yuko na uzito kuliko kitabu.

Hapa kwetu jirani yuko. Anaitwa Kamituga, upande wa Sud-Kivu, kule wengi wa Maniema wamekwenda kuchimba. Ndani ya miaka ya 2010 mashine za kusaga mawe ziliingia kule kwa nguvu. Mbele ya hapo, mawe ya dhahabu yalitwangwa na wamama, wale wanaoitwa "mamans twangaises", kwa vinu vya chuma na mtoto mgongoni. Mashine ikasaga kwa saa chache kile mama alikuwa anatwanga kwa siku nyingi. Wenye mashimo wakafurahi. Wamama wengi wakapoteza kazi, wakalalamika, wakaandamana. Je, mashine ilikuwa kosa? Ukiuliza mwenye shimo, hapana. Ukiuliza mama ambaye minerval ya watoto ilitoka kwenye kinu, atakuangalia tu. Wote wawili wanasema kweli. Kilichokosekana ni meza moja ambapo kweli zote mbili zinapimwa mbele ya mota kufika.

Basi tufanye mfano. Hatusemi juu ya kikundi fulani. Ni hesabu ya kujifunza, na namba tumezitunga sisi wenyewe. Kikundi cha dhahabu kiko na chaguo tatu. La kwanza ni kuendelea kutwanga kwa mkono. La pili ni kununua mashine kwa deni. La tatu ni kukodi: kupeleka mawe kwa mwenye mashine na kulipa kwa kiloba. Mambo ya kupima ni matano: mapato, kazi kutosimama (mazutu na vipande), uzito wa deni, afya, na kazi za wamama. Kila chaguo linapewa pointi kutoka 1 mpaka 5. 5 ni vizuri.

Kutwanga kwa mkono: mapato 2, kutosimama 5, deni 5, afya 2, kazi za wamama 5. Kununua: mapato 5, kutosimama 2, deni 1, afya 2, wamama 1. Kukodi: mapato 4, kutosimama 3, deni 4, afya 3, wamama 2. Mkitaka kubishana juu ya pointi, bishaneni. Ndiyo kazi yake.

Sasa maharagwe. Kuko maharagwe ishirini ya kugawanya juu ya mambo matano, kwa uzito. PDG akigawanya peke yake, tuseme ataweka 15 kwenye mapato, 2 kwenye kutosimama, na moja moja kwa mengine. Zidisha, jumlisha: mkono unapata 52, kukodi 75, kununua 83. Mashine inanunuliwa, mkutano umekwisha.

Lakini kikundi kizima, wamama ndani, wakigawanya, inaweza kuwa hivi: mapato 8, kutosimama 4, deni 4, afya 2, wamama 2. Zidisha tena: kununua kunaanguka mpaka 58. Kutwanga kwa mkono 70. Kukodi 70. Sare!

Wengine watasema: unaona, hesabu yenu haisaidii, imetoa sare. Sisi tunasema hapa ndipo imeanza kusaidia, ju inaonyesha pa kuzungumza. Angalieni ule mstari wa wamama kwenye kukodi: pointi 2 tu. Wakikubaliana kwamba kuchekecha, kuosha na kupima viloba kwenye mashine ni kazi ya wale wamama waliokuwa wanatwanga, na malipo yao yaandikwe, ile 2 inaweza kupanda mpaka 4. Kukodi kunakuwa 74. Hakuna aliyeshinda mwenzake kwa kelele.

Tena, jaribuni kuitikisa. Mazutu yakipanda bei mara mbili, kitu ambacho Kindu hakimshangazi mtu, mapato ya kununua yanashuka kutoka 5 mpaka 3, na ya kukodi kutoka 4 mpaka 3. Kwa maharagwe ya kikundi, kununua 42, kukodi 66, na mkono unarudi juu na 70. Hata kwa maharagwe ya PDG mwenyewe, yale 15 kwenye mapato, kununua kunapata 53 na kukodi 62. Yaani PDG, kwa uzito wake yeye, anajutia mashine yake siku bidoni la mazutu linapopanda. Na kuko tofauti moja isiyoonekana kwenye namba: aliyekodi anaweza kuacha wiki ijayo na kurudia kinu. Aliyekopa hawezi.

Kwenye kukodi kuko mtego, tuuseme wazi. Nani anabaki na mchanga uliosagwa na kuoshwa? Ndugu zetu wa Geita, Tanzania, wanaita mashine hiyo karasha, na mchanga unaobaki wanauita marudio. Ule mchanga bado uko na dhahabu, na wenye mitambo ya sayanidi wanaununua. Mwenye karasha anayekusagia kwa bei ndogo lakini anabaki na marudio hajakufanyia huruma. Ameshalipwa, wewe ndiye hujaona. Kwa hiyo bei ya kukodi isiandikwe bila mstari wa mchanga.

Juu ya afya tumeweka pointi ndogo kwa chaguo zote, si kwa kusahau. Kutwanga na kusaga mawe makavu kunatoa vumbi la kwarzi, laini kuliko unga. Linaingia kwenye mapafu na halitoki. Baada ya miaka, pumzi inakuwa fupi, na kifua kikuu kinapata njia rahisi. Kusaga na maji kunalituliza vumbi hilo. Kuweka mashine mbali na nyumba na upande upepo unapokwenda kunasaidia wengine. Haya yanaweza kupandisha pointi ya afya bila makuta mengi.

Na zebaki, ile wengi wanaita merkire? Mashine inasaga haraka, kwa hiyo dhahabu nyingi inangoja kukamatwa, kwa hiyo zebaki nyingi inauzwa. Watu hawaweki jambo hili kwenye hesabu ya mashine, lakini ni ya mashine. Zebaki inachemka kwa digri 357, moto mdogo wa makaa unatosha, na moshi wake hauna harufu ya kukuonya. Unaingia kwenye mapafu, unakwenda kwenye ubongo, unapita kwa mtoto tumboni. Mkataba wa Minamata, ulioanza kufanya kazi tarehe 16 Agosti 2017, unataja desturi nne mbaya za kumalizwa kwenye dhahabu ya wachimbaji wadogo: kutia zebaki ndani ya mawe yote, kuchoma bila kifuniko, kuchoma ndani ya makao ya watu, na kutia sayanidi juu ya mchanga wenye zebaki bila kuitoa kwanza. Tusome tena ya tatu. Ni jikoni ngapi tunazozijua ambapo sufuria ya kuchomea inakaa karibu na sufuria ya bugali?

Dhahabu iko na uzito mara 19 ya maji, kwarzi haifiki hata mara tatu. Tofauti hiyo kubwa ndiyo inafanya kuosha vizuri, kwa mfereji wenye mwinamo wa kufaa na zulia zuri, kupunguze sana zebaki inayohitajika. Kinachobaki kichomwe ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa, chenye mrija wa kupozea moshi mpaka urudi kuwa zebaki. Mnunuzi wa zebaki anapaswa kukipenda, ju anarudisha alichonunua. Kasiterite yenyewe haiombi zebaki hata kidogo. Iko mara saba ya maji, inakaa chini, mchanga unaondoka.

Sasa tufike kwenye barabara, ambapo hesabu nyingi za mashine zinakufia. Gramu ya dhahabu inatoka ndani ya mfuko wa shati. Kwa hiyo mchimba dhahabu anahesabu usafiri wa kuingia tu: mazutu, mikanda, vyuma vya kusagia. Mchimba kasiterite anahesabu kuingia na kutoka, maana kiloba cha kilo hamsini hakiingii mfukoni. Pampu moja, ikiwa shimo la dhahabu na ikiwa shimo la kasiterite, si uamuzi mmoja.

Kindu ilizaliwa na usafiri. Reli ya Kisangani mpaka Ubundu, kilometa 125, ilifunguliwa mwaka wa 1906 ili kupita maporomoko. Kutoka Ubundu mto unapitika mpaka Kindu, yapata kilometa 300. Na reli ya Kindu mpaka Kongolo ilimalizika 1911, ju Milango ya Jehanamu ilizuia mashua kuendelea. Mto, treni, mto, treni. Wale waliopanga walikuwa wanafikiria faida yao, si yetu, lakini ile njia bado ndiyo mifupa ya jimbo. Leo treni ya SNCC kutoka kusini inakuja siku inayoweza kuja. Inabeba kwa bei ndogo, lakini mtaji wako unalala kwenye stesheni. Ndege inakwenda haraka na inakula faida. Pikipiki inapita kila mahali, mvua au jua, na inabeba kidogo. Kinga inabeba polepole, kwa nguvu za mtu.

Wengi wetu tulikuwa tunaangalia mashariki tu, Bukavu na Goma. Mwezi wa Januari 2025 vita vikachukua Goma, uwanja wa ndege ukafungwa. Mwezi wa Februari ikawa Bukavu. Aliyekuwa na njia moja ya kuuza na ya kuleta vipande alijikuta na kasiterite nyumbani na mota bila mkanda. Ndiyo maana kwenye meza ya maharagwe tunashauri swali moja zaidi kwa kila mashine: njia ikifungwa miezi miwili, itafanya nini?

Pikipiki inatufundisha hapo. Nyingi za hapa ni TVS, zinatoka India, kiwanda cha Hosur ndani ya Tamil Nadu. Kwa nini vijana wanazipenda? Ukisikiliza karibu na soko, wachache wanasema mbio. Wanasema vipande vinapatikana, na fundi wa kijijini anaijua. Kijana wa taxi, bila kusoma Saaty, ameweka maharagwe mengi kwenye "kutosimama". Kijana yule yule akiingia kwenye kikundi cha machimbo anapiga makofi kwa mota ambayo hakuna fundi aliyewahi kuifungua upande huu wa Lualaba. Hatuelewi kwa nini, na tunasema kwa upendo.

India tena, kwa dakika moja. Kwenye pwani yake ya magharibi, reli ya Konkan tangu 1999 inabeba malori pamoja na mizigo yake, yamepandishwa juu ya mabehewa. Dereva anapumzika, lori halili mazutu wala matairi kwenye milima, na mwisho wa reli linashuka na kwenda mpaka mlangoni. Reli na lori hazikupigana; kila moja ilipewa sehemu inayoiweza. Huku kwetu watu wanafanya hivyo kwa kinga na pikipiki juu ya mashua na treni, kwa bahati, kila mtu peke yake. Kikundi kinaweza kukipanga: viloba vya kikundi kizima kwenda mara moja kwa mwezi, mtu mmoja wa kuvisindikiza, bei moja.

Kwa kasiterite kuko siku nyingine za kuhesabu: etiketi. Kiloba kinapata etiketi ya kwanza kwenye machimbo, ya pili kwa mnegosian, ndipo kinaweza kufika comptoir na kutoka nchini. Watu bado wanakumbuka Septemba 2010 mpaka Machi 2011, Leta iliposimamisha uchimbaji wa mkono ndani ya Kivu zote mbili na Maniema. Shule zilikosa minerval, maduka ya Kalima yalifunga. Baada ya hapo etiketi zikawa mlango wa soko la nje. Ukizalisha mara mbili kwa mashine mpya, lakini viloba vinangoja etiketi siku zile zile, umezalisha rundo, hujazalisha makuta. Muulizeni wakala wa SAEMAPE na wa etiketi mbele ya kununua: mtaweza kufuata kiasi hiki kipya?

Kuko hatari ndani ya njia hii yote, na hatutaificha. Anayeshika kalamu anaweza kusukuma pointi. Mwenye kuuza mashine anaweza kuja kwenye mkutano na pombe. Hata wataalamu wanabishana: ilionyeshwa zamani kwamba ukiongeza chaguo jipya kwenye hesabu ya Saaty, mpangilio wa yale ya kwanza unaweza kugeuka, na hilo ni la ajabu. Kwa hiyo tunapendelea ile ya maharagwe, mbele ya wote, mchana, kuliko ile ya kompyuta ya mtu mmoja. Haragwe linaonekana. Mama asiyejua kusoma anaweza kulisogeza kwa kidole chake na kila mtu amemuona.

Kodi ya madini ya 2018 inasema mchimbaji wa mkono awe ndani ya kooperative iliyokubaliwa. Basi kooperative iko na sekretere, na sekretere yuko na kitabu. Karatasi ya maharagwe iingie ndani ya kitabu hicho na tarehe: bei ya mazutu siku ile, bei ya dhahabu au kasiterite siku ile, nani alikuwa mkutanoni, nani aliweka maharagwe wapi. Baada ya miezi mitatu ifunguliwe tena. Kama mazutu yamepanda kupita ile bei mliyoandika, hesabu mpya inafanywa jioni ile ile, mbele ya kununua bidoni lingine.

Kule Kasuku mtumbwi umeshajaa. Mwenye mashine anazungumza bei ya kuvusha pipa, na mwenye mtumbwi anataka mara tatu ya pikipiki, ju ya uzito. Wanabishana. Hiyo bei ya kuvuka mto ilikuwa mstari wa kwanza wa hesabu, na haikuwa imeandikwa popote.